UZI: Mzee wa Umalila aliuliza swali kuhusu joto la dunia, watu wakacheka. Mimi nataka tulijibu

Loleza_Juu

Wakuu, kamwene kwa wa Iringa na Njombe, mugonile kwa wa Rungwe.

Nina jambo limenikaa moyoni tangu wiki iliyopita. Nilikwenda nyumbani Umalila, huku Mbeya, kumjulia hali baba mdogo, nikakuta mkutano wa kijiji. Ajenda ilikuwa vyanzo vya maji. Mtaalamu aliyetoka mjini alianza vizuri: sheria ya mazingira ya 2004, mita 60 kutoka kwenye chanzo cha maji, mikaratusi iondolewe. Halafu akaingia kwenye mabadiliko ya tabianchi. Akasema, "Dunia imepata joto kwa sababu yenu. Mnakata miti, mnachoma mkaa, mnachoma mbuga. Sasa mvua inawakimbia."

Baba mdogo akanyoosha mkono. Ana miaka sabini na kitu, kalima viazi na pareto maisha yake yote kwenye ekari mbili na nusu. Akavua kofia, akauliza kwa upole: "Mwanangu, mimi gari sina, umeme nimeupata mwaka juzi, miti niliyokata nimepikia maharage. Hilo joto la Ulaya linalotangazwa redioni, nalo nimeliwasha mimi?"

Watu wakacheka. Mtaalamu naye akacheka, akasema tuendelee na ajenda. Mzee akakaa, akavaa kofia yake, hakufungua mdomo tena mpaka mkutano ukaisha.

Mimi sikucheka. Nafundisha jiografia sekondari, huu ni mwaka wa kumi na nne, na sijawahi kuulizwa swali zuri kuliko lile. Halikujibiwa. Ndiyo maana naandika.

Naona huku kwetu tumeshindilia magomvi mawili kwenye lumbesa moja. Ugomvi wa kwanza ni wa maji: kwa nini mto unakatika, kwa nini kijito cha utotoni kimepotea. Wa pili ni wa joto la dunia nzima. Kila mmoja una sababu zake na wahusika wake, lakini kwenye mikutano unasikia habari moja tu: miti.

Chukueni Ruaha Mkuu. Maji yake yanashuka kutoka milima ya Uporoto na Kipengere kwa mito kama Chimala, Kimani na Mbarali, yanatandaa bonde la Usangu, yanajaa kinamasi cha Ihefu, ndipo yanatoka kuelekea hifadhi ya Ruaha na bwawa la umeme la Mtera. Zamani ulitiririka mwaka mzima. Mwishoni mwa kiangazi cha 1993 ukakatika ndani ya hifadhi, na tangu hapo kukatika kukawa desturi yake. Tumesikia kila sababu: miti ya milimani, mvua, ng'ombe. Mwaka 2006 wafugaji wakaanza kuondolewa Ihefu na mifugo yao, wengine wakapelekwa mpaka Lindi. Bado mto ukawa unakauka kiangazi. Watafiti waliokwenda kupima, wakiwemo wa chuo kikuu cha kilimo SUA, Morogoro, waliona kwamba kilichobadilika zaidi ni mifereji. Maji ya kiangazi yanachepushwa kwenda mashambani na kubaki huko, kwa hiyo Ihefu haipandi kufikia kimo cha kuvuka mwamba ulio pale maji yanapotokea. Hapo huhitaji joto la dunia kueleza chochote. Ni sisi kwa sisi, tunaweza kukaa tukazungumza.

Joto la dunia halikutoka Mbarali wala Umalila. Limetokana hasa na makaa ya mawe, mafuta na gesi vilivyochomwa tangu enzi za viwanda. Marekani peke yake inabeba karibu robo ya hewa ukaa yote iliyotokana na nishati hizo tangu zianze kutumika, na kwa sasa China ndiyo inatoa nyingi kuliko nchi yoyote. Afrika nzima kwa mwaka ni kama asilimia 4. Tanzania haifikii hata sehemu moja ya elfu.

Kwa hiyo jibu la baba mdogo lilikuwa: hapana mzee, siyo wewe. Nani ananipinga?

Fundi_Songwe

Mwalimu, heshima yako. Nakupinga mimi, na si kwa ubishi. Nimefanya kazi miaka mingi kwenye machimbo ya makaa upande wa Kiwira na mambo ya miamba nayajua kiasi.

Dunia haijawahi kutulia. Ziwa Rukwa lilikuwa kubwa mno kiasi kwamba lilifurika likamwagikia Tanganyika, miaka kama elfu kumi iliyopita. Nani alikuwa na kiwanda? Pale Ziwa Masoko, Rungwe, wanasayansi wametoboa matope ya chini wakakuta kumbukumbu ya miaka zaidi ya elfu arobaini, na ndani yake ukame na mvua vinapokezana. Wasafwa hawakuwa na malori.

Halafu hiyo hewa ukaa. Pale Kyejo, Rungwe, inatoka ardhini yenyewe! Wanaivuna, wanaijaza kwenye mitungi, inakwenda kutiwa kwenye soda. Milima ya volkano dunia nzima inapumua hivyo usiku na mchana. Mnajuaje kuwa hii iliyozidi angani ni ya makaa na si ya ardhi?

Na neno la mwisho. Kila tukitaka kuchimba makaa ya Mchuchuma tunaambiwa tunachafua dunia. Wao wameshashiba, sisi ndio kwanza tunanawa mikono.

Mwana_Usangu

Mwalimu umenikera kidogo. Nalima mpunga Mbarali. Tangu nikiwa mtoto sisi ndio wabaya. Umeme ukikatika Dar, Usangu. Tembo akifa hifadhini, Usangu. Leo umetuvua kosa la dunia ukatuvalisha kosa la mto. Ule mchele mnaousifu Mbeya mjini hadi Dar unaota kwenye maji, hauoti kwenye vumbi. Mashamba makubwa yalianzishwa na serikali, mifereji mikuu ikajengwa na serikali, na mimi nina majaruba manne.

Ila sisemi uongo: mfereji wetu unapita maji Septemba nzima wakati hakuna mpunga shambani. Yanatumika nyumbani na kwenye bustani, mengine yanazama njiani. Hilo nimeliona kwa macho yangu.

Mtumishi_Rungwe

Bwana asifiwe wapendwa. Nimesoma wote. Mungu alimwahidi Nuhu kwamba majira ya kupanda na kuvuna hayatakoma maadamu dunia ipo. Mimi nawafundisha washirika wangu kuwa mvua iko mikononi mwake, na dhambi zetu zina matokeo. Je, mwalimu, hamjampa mwanadamu ukubwa asio nao?

Chai_Rangi

Niko hapa na kikombe changu. Mwalimu mjibu fundi kwanza, hasa lile la Kyejo. Limenishika.

Loleza_Juu

Naanza na Kyejo kama alivyoomba Chai_Rangi, maana ni swali zito.

Hewa ukaa ina kaboni ndani yake, na kaboni haina sura moja. Kuna kaboni 12, ndiyo nyingi kabisa. Kuna kaboni 13, nzito kidogo. Na kuna kaboni 14, inayotengenezwa juu angani, inaingia kwenye kila mmea na kila kiumbe hai, kisha kiumbe kikifa inapungua taratibu: kila miaka 5,730 inabaki nusu. Fundi, makaa yako ya Kiwira yamelala ardhini zaidi ya miaka milioni 250. Kaboni 14 humo imekwisha zamani. Sasa, mwaka 1955 mwanasayansi aitwaye Hans Suess alionyesha kuwa hewa ya angani inazimuliwa na kaboni iliyokwisha kaboni 14, yaani kuna kaboni ya kale sana inaingia. Hapo miti inayochomwa leo haiwezi kuwa chanzo kikuu, kwa sababu mti wa leo bado unayo.

Utasema hata ya volkano ni ya kale. Kweli. Hapo ndipo kaboni 13 inaingia. Mimea ikijitengenezea chakula hupendelea kaboni nyepesi, kwa hiyo mmea una kaboni 13 pungufu, na makaa ya mawe ni mimea iliyofukiwa. Gesi inayotoka kwenye volkano haina upungufu wa namna hiyo. Hewa ya angani imepimwa miaka mingi, na kaboni 13 humo inashuka. Tena oksijeni nayo inapungua kidogo kidogo, kama inavyopaswa kitu kinapochomwa. Shimo la Kyejo halichomi kitu.

Ukiunganisha: kaboni ni ya kale, asili yake ni mimea, na imechomwa. Fundi, wewe umelishika hilo jiwe jeusi mkononi kuliko mimi. Unajua ni nini.

Na kiasi: volkano zote za dunia kwa mwaka hazifikii asilimia 1 ya hewa ukaa tunayotoa wanadamu. Mlipuko mkubwa wa Pinatubo kule Ufilipino mwaka 1991 ulipoza dunia kwa karibu nusu nyuzi kwa muda, kwa sababu ya salfa iliyorushwa juu ikazuia jua.

Sasa Rukwa na Masoko. Wanaojua habari za Rukwa kufurika ndio haohao, au wenzao wa taaluma ileile, wanaosema joto la sasa ni la mwanadamu. Hawakusahau ya kale. Mabadiliko yale ya zamani yanatokana kwa sehemu kubwa na jinsi dunia inavyolizunguka jua na kuinama kwake, jambo la maelfu ya miaka. Kwa kalenda hiyo tungepaswa kuwa tunapoa polepole. Jua lenyewe linapimwa kwa setilaiti tangu mwishoni mwa miaka ya 1970, na halijaongezeka. Tena kama lingekuwa jua, anga la juu kabisa nalo lingepata joto. Limepoa, huku chini kukipanda. Ni kama mtu aliyejifunika blanketi: ndani joto, juu ya blanketi baridi.

Hewa ukaa yenyewe ilipoanza kupimwa Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, ilikuwa sehemu 315 katika milioni. Leo imepita 420. Kabla ya viwanda ilikuwa kama 280. Na si wazo la jana: John Tyndall alipima maabara mwaka 1859 jinsi gesi hii inavyonasa joto, na Svante Arrhenius akapiga hesabu mwaka 1896 kwamba kuchoma makaa kunaweza kuipasha dunia. Wakati huo hakukuwa na mkutano wa tabianchi wala wafadhili.

Mchuchuma nailinda hoja yako, lakini iweke mahali pake. Ile ni hoja ya haki. Unaweza kusimama useme "nasi tuna zamu yetu" huku ukikubali makaa yanafanya nini. Ukikana kwamba makaa yanapasha joto, umewafutia deni wale walioyachoma miaka 150. Mwaka 2022, kwenye mkutano wa tabianchi pale Sharm el-Sheikh, Misri, nchi maskini zilipata makubaliano ya mfuko wa hasara na madhara, yaani wa kuwasaidia walioumizwa na tabianchi. Msingi wa dai lile ni kwamba kuna aliyesababisha.

Mtumishi, nami ni mshirika wa kanisa. Siamini Mungu alipoahidi majira alituahidi kuwa hatutavuna matendo yetu. Kinachonisumbua ni kuona mjane wa Ilembo akitubu dhambi ya ukame huku aliyechoma makaa hata hamjui.

Mwana_Usangu, samahani. Uliloandika la Septemba limenisaidia kuliko ripoti.

Fundi_Songwe

Ya kaboni 13 sikuyajua. Nayapokea, nimeyatafuta usiku na nimeyakuta.

Lakini sijamaliza. Mvua ikipungua ni tabianchi. Mvua ikizidi, kama ile ya mwishoni mwa 2019 au El Niño ya 2023, ni tabianchi. Neno linaloeleza kila kitu halielezi kitu.

Loleza_Juu

Hapo uko sahihi, na nawaambia wanafunzi wangu vivyo hivyo. Mwaka 2019 maji ya Bahari ya Hindi upande wetu yalikuwa na joto kuliko upande wa Indonesia, kwa tofauti kubwa isiyo ya kawaida, na mvua ikatujia. El Niño na mwenzake huyo wa Bahari ya Hindi vilikuwepo kabla ya viwanda. Joto lenyewe liko wazi: 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote tangu vipimo vianze. Mvua ya Nyanda za Juu Kusini ni habari ngumu zaidi, na mtu akisimama mkutanoni kusema msimu mmoja mbaya umeletwa na mkaa wa kijiji kile, anasema kitu ambacho hana namna ya kukithibitisha. Hewa yenye joto hubeba mvuke mwingi, kwa hiyo mvua kubwa huwa kubwa zaidi. Hilo ni fizikia. Zaidi ya hapo napenda tuwe waangalifu.

Binti_Kinga

Shikamooni wakubwa. Mimi wa Makete, nauza viazi soko la Njombe. Niseme ninayoyaona, sayansi mtanipa nyie.

Kwa bibi hatukuwa na chandarua. Hata msumari wa kukitundikia haukuwepo ukutani. Juni asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe kwa barafu, unakanyaga inalia kama chumvi, na ukisahau beseni la maji nje unalikuta limefunga juu. Barafu bado ipo, ila siku zake zimepungua ninavyoona. Chandarua sasa tunacho, na kinatumika. Mahindi ambayo yalikuwa hayakomai kwenye lile shamba la juu, yanakomaa.

Kwa hiyo wengine kijijini wanasema joto ni baraka. Mimi naweka viazi ghalani naona vinaota mapema, na ukungu shambani tunapiga dawa mara nyingi kuliko mama alivyopiga. Kila kopo la dawa ni hela. Baraka ya mahindi inaliwa na dawa ya viazi.

Chai_Rangi

Dada Binti_Kinga, hilo la msumari ukutani nimelisoma mara mbili.

Mhehe_wa_Bondeni

Kamwene. Mwalimu umetusemea, lakini kuna upande hujaugusa. Mimi nalima vinyungu, yaani bustani za bondeni za kiangazi, baba alilima, babu alilima. Kiangazi bonde ndilo linatulisha, ndilo linalipa ada. Wanakuja wanasema vinyungu vinakausha mto, fyeka. Wakati huohuo kilima chote juu yangu, kilichokuwa majani ya ng'ombe, kimepandwa misindano na mikaratusi na mwenye hela wa mjini. Sasa kuna kampuni fulani imekuja inasema miti hiyo itauzwa kaboni, yaani watalipwa kwa hewa ukaa ambayo miti inaishika. Kijito changu kimebaki kamba. Nikisema mti unakunywa maji naambiwa mimi ni adui wa mazingira, mti unaleta mvua. Nani mkweli?

Maji_Rufiji

Nimesomea haidrolojia, naomba nimjibu huyu ndugu maana ana haki.

Jibu liko Mbeya kwenyewe. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 mpaka miaka ya 1960 watafiti wa Afrika Mashariki walipima mabonde mawili kwenye safu ya milima ya Mbeya. Moja lilikuwa na msitu wa asili, jingine lilikuwa na mashamba ya wananchi. Bonde la mashamba lilitoa maji mengi zaidi mtoni kuliko la msitu. Sababu ni kwamba msitu una mizizi mirefu, unafyonza mwaka mzima na kuyarusha maji hewani. Na udongo wa kule ni majivu ya volkano, unanyonya mvua vizuri hata ukilimwa, kwa hiyo haukumomonyoka kama walivyotarajia.

Tafadhali msikimbilie panga. Udongo wa namna hiyo hauko kila mahali. Pengine ukikata msitu kwenye mteremko, mvua inakimbia yote na udongo wake, kiangazi unabaki na mawe. Msitu wa asili una kazi nyingi mbali na maji. Lakini kupanda mikaratusi na misindano kwenye uwanda uliokuwa majani, hilo limepimwa pia Afrika Kusini kwa miaka mingi: mto unapungua. Kwa hiyo ndugu wa bondeni, kijito chako hakikuambii uongo.

Mnaona ugumu? Mti uleule kwa joto la dunia ni msaada, unashika kaboni. Kwa kijito cha chini ni mnywaji. Yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja.

Mhehe_wa_Bondeni

Miaka yote hii ndiyo mara ya kwanza mtu aliyesoma ananiambia hivyo. Asante sana ndugu yangu. Kwenye mikataba ya kaboni hilo la maji mbona hatukusomewa?

Maji_Rufiji

Dai lisomwe. Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022. Kijiji kiulize kabla ya kusaini: kijito kilikuwa na maji kiasi gani Oktoba, kitapimwa na nani, na kikipungua nani analipa. Pimeni wenyewe kabla hawajapanda. Ndoo ya lita ishirini na saa ya simu vinatosha: kinga pale maji yanapoangukia, hesabu sekunde, andika kwenye daftari na tarehe.

Mwana_Usangu

Hiyo ya ndoo na sisi tunaiweza kwenye mfereji mdogo. Septemba nitapima kwenye banio letu, pale maji yanapoingia mferejini, na kule mwisho. Nikiona yanazama njiani nitaipeleka kwenye umoja wa watumiaji maji.

Mtumishi_Rungwe

Mwalimu, umenifanya nifikiri habari ya yule mjane. Jumapili ya tatu tuna semina ya wazee wa kanisa. Uje uongee, hata nusu saa. Ulete na hiyo ya kaboni, ila kwa lugha ya soda ya Kyejo, wataielewa.

Loleza_Juu

Nitakuja mtumishi, Mungu akipenda.

Wakuu, narudi na habari ya nyumbani. Jumamosi nilimsomea baba mdogo uzi huu wote, tumekaa jikoni, yeye anamenya viazi. Nilipofika kwenye Marekani na robo yake aliacha kumenya. Akauliza kama wanajua. Nikasema wanajua. Akanyamaza sana.

Kisha nikamsomea ya Maji_Rufiji. Akaniambia nimfuate. Tulikwenda kwenye kisima cha chini, pale pana mikaratusi sita aliyoipanda mwenyewe kabla sijazaliwa, mmoja mikono miwili haiuzunguki. Akaigusa mmoja mmoja. "Hii ni yangu," akasema. "Kisima hiki nimekikausha mimi. Yule kijana angeniambia hili tu, ningemwelewa siku ileile." Jumatatu kamwita mtu wa msumeno. Minne imeshaanguka.

Sasa nauliza: pale kisimani apande nini badala yake? Anataka mti usiokausha maji.

Mhehe_wa_Bondeni

Mivengi. Huku kwetu iko kando ya vijito tangu enzi za mababu na maji hayajawahi kukimbia chini yake. Miche ninayo, nimeiotesha kwenye viroba. Mwambie mzee nampa kumi. Nauli ya basi hadi Mbeya nalipa mimi, wewe ipokee stendi tu.